Elimu kwa umma: Kuteremka na gari-nyumba katika milima ya fyordi

Julai ikifika, familia nyingi zinazozungumza Kiswahili huku Norwei na nchi jirani huchangishana fedha, hukodi gari-nyumba, yaani bobil, na kuelekea magharibi: Geiranger, Lysebotn, Sogn, Hardanger. Ni jambo jema na tunalipenda. Lakini malalamiko nayo yameongezeka. Wenye kukodisha wanarudishiwa magari yenye diski za breki zilizogeuka rangi ya bluu kwa joto, na wakazi wa mabondeni wamechoka kufuata msururu mrefu ulioshikiliwa na dereva mmoja. Ndiyo maana kitengo chetu cha elimu ya usalama barabarani kimeona tuandike kwa Kiswahili. Haya ni maelezo ya jumla. Hayachukui nafasi ya sheria, ya maelekezo ya askari, wala ya alama utakazozikuta barabarani siku hiyo.

Nachukulia kwamba msomaji wangu anajua kuendesha, kwa hiyo sitaanza na klachi.

"Mimi nimepita Kitonga"

Sentensi hii, kuhusu mteremko wa Kitonga kule Iringa, tunaisikia kila msimu. Mwingine hutaja Sekenke, mwingine Mai Mahiu, na ndugu zetu wa Burundi hutaja mteremko wa Bugarama kuingia Bujumbura. Hongereni wote. Swali letu ni moja: ulipita na gari gani? Probox yenye watu wanne ni kitu kimoja. Gari-nyumba la kukodi lina uzito unaokaribia kilo 3,500, kimo cha kama mita 3, na mkia mrefu unaoning'inia nyuma ya matairi ya nyuma. Mengi yamejengwa juu ya Fiat Ducato inayovutwa na matairi ya mbele, huku mzigo mwingi ukiwa nyuma. Ukipanda kona kali yenye mvua, matairi ya mbele yanaweza kuzunguka bila kushika.

Halafu Kitonga ni barabara kuu iliyojengwa kwa ajili ya malori ya Zambia. Barabara ya kuteremka Geiranger ilikamilika mwaka 1889, enzi za mikokoteni ya farasi. Barabara ya Trollstigen, yenye kona 11 za kurudi nyuma na mwinamo wa karibu asilimia 10, ilifunguliwa na Mfalme Haakon VII mwaka 1936. Lysevegen, barabara ya kuteremka Lysebotn, ni ya juzi tu, 1984, lakini ina kona 27 na handaki ambalo ndani yake barabara inajigeuza. Zimepanuliwa na kutunzwa, ndiyo, ila mlima haujasogea.

Jambo jingine kwa waliojifunzia Tanzania, Kenya au Uganda: huku tunapita kulia. Mchana kutwa utakumbuka. Tatizo ni ile sekunde basi linapotokea ghafla kwenye kona, mkono ukavuta usukani upande uliouzoea tangu ujana, yaani kushoto, na kushoto ndiko basi lilipo.

Joto linakokwenda

Watu huogopa kupanda. Kupanda kutachosha injini, pengine kipimo cha joto kitasogea, utasimama, utapumzika. Sisi tunachoogopa ni kushuka.

Kutoka ziwa Djupvatnet hadi kijiji cha Geiranger unashuka takriban mita 1,000 katika kilomita zisizofika 20. Gari la kilo 3,500 likishuka kimo hicho, nguvu inayopaswa kumezwa ni sawa na ya kuchemsha lita 100 hivi za maji ya bomba. Ukiishusha yote kwa mguu wa breki, joto lote hilo linaingia kwenye diski nne na pedi zake. Pedi zikipita kiwango chake hupoteza mshiko. Baya zaidi ni mafuta ya breki: yanavuta unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na kadiri yanavyovuta ndivyo yanavyochemka mapema. Mafuta ya kiwango cha DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishavuta maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Hapo hakuna fundi wa kukusaidia.

Tarehe 15 Agosti 1988, katika bonde la Måbødalen huko Hardanger, basi lililobeba watu 34 kutoka Uswidi, wengi wao watoto wa shule na wazazi, lilishindwa breki kwenye mteremko na kugonga handakini. Walikufa watu 16, 12 kati yao watoto. Barabara ile haikuwa na barafu, wala haikuwa usiku.

Gia ndogo, kabla ya mteremko

Ingia gia ndogo juu, kabla hujaanza kushuka. Kwa mteremko wa asilimia 8 hadi 10 gia ya pili ndiyo ya kawaida kwa gari-nyumba la gia za mkono, na kwenye kona zenyewe wakati mwingine ya kwanza. Gari la otomatiki lina sehemu ya kuchagua gia kwa mkono, kwa kawaida imeandikwa M ikiwa na alama ya kutoa na kujumlisha. Vuta upande wa kutoa hadi injini ishike. Tafadhali jaribu kitufe hicho kwenye maegesho ya kampuni ya kukodisha. Juu ya mlima umechelewa.

Injini italia. Iache ilie. Mshale usipofika kwenye sehemu nyekundu, hakuna kinachoharibika. Abiria wakikuambia "utaua injini", waambie wafunge mikanda.

Breki utaitumia, lakini kwa mikupuo: kanyaga kwa nguvu ya kutosha kabla ya kona, punguza mwendo chini kidogo ya unaoutaka, kisha achia kabisa ili hewa ipite kwenye diski. Ukijikuta mguu haujatoka kwenye breki kwa nusu dakika, gia yako ni kubwa mno.

Sasa kuhusu fri, yaani kuliacha gari litembee bila gia. Tunajua wapo wanaoachia gari fri kwenye mteremko ili "kuokoa dizeli". Nitalisema mara moja tu. Gari la kisasa likiwa kwenye gia, mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta, injini inazungushwa na matairi na mfumo unakata dizeli kabisa. Likiwa fri, injini inachoma dizeli ili isizimike. Kwa hiyo anayeachia fri anatumia mafuta zaidi na amejinyima breki ya injini. Wakenya wanaijua barabara ya Salgaa na ajali za malori yaliyoachiwa fri pale. Kuzima injini kabisa ni vibaya zaidi, kwa sababu msaada wa breki na wa usukani unaondoka nayo.

Ukisikia harufu ya kuungua, au pedali ikianza kulainika, simama mahali pa wazi palipo salama. Weka gia, zuia matairi kwa kabari au jiwe. Usimwage maji kwenye diski, zitapinda au kupasuka. Subiri nusu saa au zaidi, kunywa chai. Moshi ukizidi au moto ukiwaka, watoe watu kwanza, kisha piga 110. Polisi ni 112, gari la wagonjwa 113, na kituo cha taarifa za barabara ni 175. Ukiwa ndani ya handaki tumia simu ya dharura iliyoko ukutani, kwa sababu hiyo inawaonyesha wahudumu mahali ulipo hasa na wanaweza kufunga handaki. Simu yako ya mkononi haiwaonyeshi hivyo.

Karatasi na mizani

Hapa ndipo wengi hukasirika, basi tuende taratibu. Kuna mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya.

La kwanza ni daraja la leseni. Kwa kawaida daraja B linakuruhusu gari ambalo uzito wake wa juu unaoruhusiwa hauzidi kilo 3,500. Uzito huo unasomwa kwenye kadi ya gari, vognkort, katika mstari wa tillatt totalvekt. Hausomwi kwenye mizani. Ikiandikwa 4,000, unahitaji daraja C1 hata kama gari ni tupu na unaliendesha hadi kituo cha mafuta tu. Mwenye leseni ya Tanzania asimwonyeshe askari daraja D akidhani linajieleza: nyumbani D ni gari dogo la binafsi, huku D ni basi. Pia, ukishakuwa mkazi wa Norwei, leseni ya Tanzania, Kenya, Uganda au Kongo inatumika miezi 3 tu. Baada ya hapo unaendesha bila leseni, hata kama imebaki miaka minne kwenye tarehe iliyochapwa. Na likitokea la kutokea, bima inaweza kumlipa uliyemgonga kisha ikaja kudai fedha hizo kwako.

La pili ni uzito halisi, na hapa ndipo mizani inapoingia. Askari au mkaguzi anakusimamisha, anaomba leseni na vognkort, anakuelekeza kwenye mizani. Mara nyingi wanapima ekseli ya mbele, kisha ya nyuma, maana kila moja ina kikomo chake. Unaweza kuwa chini ya 3,500 kwa jumla na bado ukawa umezidisha nyuma. Ukizidi, unaweza kuzuiwa kuondoka hadi mzigo upungue, na ada ya uzito uliozidi inatozwa kwa mwenye gari. Mwenye gari ni kampuni. Kampuni ina mkataba wenye saini yako. Kulalamika kwamba "wao ndio walionipa gari" hakusaidii, nasi hatuwezi kukuandikia barua.

Gari-nyumba nyingi za kilo 3,500 zina nafasi ya mzigo isiyofika kilo 500. Watu wazima wanne, tangi la maji la lita 100, mitungi ya gesi, baiskeli mbili nyuma, gunia la unga, kreti za soda na jiko la mkaa ambalo hata halitatumika: piga hesabu mwenyewe. Jaza maji unakofikia, usiyabebe kuvuka mlima. Kila kilo utakayoiacha ni joto lisiloingia kwenye breki.

Na kupika ugali nyuma gari likitembea hairuhusiwi. Nafasi za kukaa ni zile zenye mikanda. Mtoto wa chini ya sentimita 135 anahitaji kiti chake, na kwa abiria wa chini ya miaka 15 anayewajibika ni dereva.

Kushika simu wakati unaendesha: faini yake imezidi kroner 9,000, na juu yake alama 3 za adhabu kwenye leseni. Alama 8 ndani ya miaka mitatu zinakunyima leseni kwa miezi 6, na aliye katika miaka miwili ya kwanza ya leseni huhesabiwa mara mbili. Kikomo cha pombe kwenye damu ni 0.2 kwa elfu, maana yake usinywe.

Wenzako barabarani

Sheria ya barabara ya Norwei, kifungu cha 3, inakutaka uwe makini, na pia usizuie wengine bila sababu. Magari matano yakikufuata, ingia pembeni uwapishe. Huo si udhaifu. Kwenye barabara nyembamba utaona alama ya bluu yenye M nyeupe. Ni mahali pa kupishana. Si mahali pa kuegesha, wala pa kupiga picha ya maporomoko, wala pa kulala. Mnapokutana uso kwa uso, anayerudi ni yule aliye karibu na M au mwenye gari rahisi kurudisha. Mkikutana na basi, mara nyingi mwenye gari rahisi ni wewe. Kwa hiyo jifunze rivasi kwa vioo, na abiria mmoja ashuke akuelekeze.

Kwenye kona, tazama juu au chini kabla ya kuingia. Ukiona basi linakuja, subiri kwenye sehemu iliyonyooka. Ukikata kona, matairi ya nyuma yanapita ndani zaidi ya ya mbele, na mkia unafyeka upande wa nje. Kuta za mawe zimejaa rangi za magari ya kukodi.

Kivukoni, gari linalozidi mita 6 hulipa zaidi sana, na baiskeli zilizotokeza nyuma huhesabiwa katika urefu huo. Maji machafu yamwagwe vituoni tu.

Kizuizi kikiwa kimeshushwa, barabara imefungwa. Mwaka 2024 Trollstigen ilifungwa kwa sababu ya mawe yanayoporomoka, ikafunguliwa tena 2025. Barabara ya Stalheimskleiva, yenye kona 13 na mwinamo unaofikia asilimia 20, haipitishi magari tena, na bado tunaonyeshwa video za zamani kama ushahidi kwamba inapitika. Ramani ya simu nayo haijui kwamba uko ndani ya gari-nyumba.

Mwisho, siku ya kurudisha gari: ikiwa breki zilitoa moshi, andika kwenye fomu ni lini na katika mteremko upi. Wengi hunyamaza wakiogopa kukatwa dhamana. Pedi zilizoungua fundi ataziona tu, ila mafuta ya breki yaliyochemka hayaonekani kwa macho, na saa chache baadaye gari hilo linakabidhiwa familia nyingine.