Dhana potofu kuhusu huduma ya michezo kanisani, na ukweli tunaouona uwanjani kila Jumamosi

Niko kwenye huduma ya michezo kanisani kwetu hapa Dar mwaka wa saba sasa, nilianza kama mchezaji wa netiboli, nacheza senta, sa hivi ndo mratibu, na kila tukienda kutembelea kanisa linalotaka kuanzisha huduma kama hii tunakutana na maneno yaleyale. Mengine yanasemwa na wazee wa kanisa, mengine na vijana wenyewe, na mengine hata mi niliyaamini kabisa mwanzoni. Nayaandika hapa na majibu yake kama tunavyoyajua.

"Michezo ni mambo ya dunia, hata Paulo alisema mazoezi yanafaa kidogo"

Huu mstari nimesomewa mara nyingi sana. Ni 1 Timotheo 4:8, "kujizoeza kupata nguvu za mwili kwafaa kidogo, lakini utauwa hufaa kwa mambo yote." Sasa jamani tusome taratibu. Kasema kwafaa kidogo, hajasema hakufai, na hapo anaupima mwili na utauwa, yani kumcha Mungu, wenye ahadi ya uzima wa sasa na wa baadaye, na ukiweka kitu chochote pembeni ya uzima wa milele lazima kionekane kidogo, iwe kilimo iwe shule. Huyohuyo Paulo alivyowaandikia Wakorintho (1 Kor 9:24-27) akawapa mfano wa mbio na ngumi, maana watu wa Korintho mambo hayo walikuwa wanayajua, karibu na mji wao ndo ilikuwa inafanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, mshindi anavikwa taji la majani, ndo hilo taji liharibikalo analolisema.

Alafu historia yenyewe. YMCA, yani chama cha vijana wa Kikristo, ilianzishwa London 1844 na vijana Wakristo waliokuwa wanafanya kazi madukani. Basketiboli imebuniwa Desemba 1891 kwenye chuo cha YMCA pale Springfield, Marekani, na James Naismith, mtu aliyesomea theolojia, akagongelea vikapu vya matunda kwenye reli ya roshani ya ukumbi. Voliboli nayo ni YMCA, Holyoke hukohuko Marekani, 1895. Na nyie mnaoangalia ligi ya Uingereza kila wikiendi, Everton ilianza 1878 kama timu ya kanisa la Mtakatifu Domingo, Man City inatokana na timu ya kanisa la Mtakatifu Marko kule West Gorton 1880, Southampton wanaitwa Watakatifu hadi leo kwa sababu walitoka kanisa la Mtakatifu Maria 1885. Celtic ya Glasgow kule Uskochi ilianzishwa 1887 na bruda wa Kikatoliki aliyekuwa anatafuta hela za kulisha watoto maskini wa mashariki ya mji. Kwahiyo kanisa likianzisha timu halijaiga dunia, limerudi kwenye kitu lililokuwa nacho.

"Tukifanya bonanza moja kubwa kwa mwaka tumemaliza"

Hii ndo naiona inaua huduma nyingi kuliko zote. Kanisa linachangishana, jezi zinachapishwa, kombe linanunuliwa, mbuzi wa mshindi yupo pale kafungwa kwenye mti, spika zinapiga tangu asubuhi, kuvuta kamba, kukimbia na magunia, kukimbiza kuku, mechi ya fainali, mchungaji anahubiri dakika kumi, watu wanaondoka wamefurahi kweli. Jumamosi inayofuata uwanja uko mtupu. Wale vijana wa mtaani waliokuja, wengine ndo mara yao ya kwanza kuingia eneo la kanisa, wakirudi wanakuta geti limefungwa, na mlinzi anawauliza mnamtafuta nani.

Sisi tulifanya hivyo miaka miwili mfululizo. Mwaka wa tatu hela ya bonanza haikupatikana na ndo ikawa pona yetu, tukabaki na mipira miwili na watu watano wakubwa waliokubali kuja kila Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, mvua ikinyesha tunakaa barazani tunaongea. Hapo ndo tukaanza kuwajua watoto kwa majina, nani yuko kwa bibi yake, nani ameacha shule, nani akija anakuwa hajala tangu jana. Kwenye bonanza huwezi kuyajua hayo, unajua tu nani amefunga goli. Bonanza ni nzuri, tunafanya mpaka leo, ila inakuja baada ya Jumamosi nyingi za kawaida, na mwisho wake tunatangaza Jumamosi ijayo saa ngapi na nani atakuwepo.

"Tukishinda kombe ndo ushuhuda"

Hapa niseme kitu kinachoniuma. Kwenye mashindano fulani ya makanisa tulileta mamluki. Watatu. Hawakuwa wanasali kwetu wala popote, tuliwatoa timu za mchangani, tukawaandika majina ya vijana wetu ambao hawakuwepo siku hiyo. Tulifika nusu fainali, wapinzani wakagundua, zikapigwa ngumi pale uwanjani mbele ya wamama wa kwaya waliokuja kutushangilia. Lakini ngumi hazikuniuma kama kijana wetu mmoja wa miaka 15, alikuwa anakuja mazoezini kila wiki, siku hiyo akawekwa benchi kumpisha mamluki. Hakurudi tena. Nilienda kwao mara mbili, mara ya pili akaniambia "dada, si mlikuwa mnataka kushinda."

Ukweli ni kwamba mashindano yenyewe hayana dhambi, ila yanatoa kilichomo ndani ya watu, na ndo maana yanafaa sana kwa malezi kama kiongozi amejiandaa. Siku hizi tuna mambo matatu: anayekuja mazoezini ndo anacheza, kila aliyepo kwenye orodha anaingia uwanjani angalau kipindi kimoja, na kocha akimtukana refa anakaa nje mechi mbili. Na kubeti kwenye mechi zetu hatuvumilii, maana kuna watu walishaanza kuweka mkeka mpaka kwenye mechi za vijana wa kanisa.

"Lazima muwe na uwanja na hela"

Hapana. Chupa za maji zilizojazwa mchanga ni koni tosha kabisa, rede inahitaji mpira wa soksi tu, kamba ya kuruka inapatikana. Eneo la parkingi ya kanisa Jumamosi asubuhi linakuwa tupu. Cha kununua kwanza kabla ya jezi ni boksi la huduma ya kwanza. Basi.

"Aliyeokoka yeyote anafaa kukaa na watoto"

Hii naomba tusiifanyie mzaha. Mtu anayetaka kudhuru watoto anatafuta sehemu yenye watoto na yenye watu wanaoaminiana, na kanisa lenye timu ya watoto lina vyote viwili. Kuokoka kwa mtu mimi na wewe hatuwezi kupima, tunachoweza ni kuweka taratibu ambazo hata mchungaji anazifuata. Kwetu mtoto hakai na mtu mzima mmoja peke yao, lazima wakubwa wawili, hata kwenye gari la kwenda mechi. Wasichana wana kocha mwanamke. Hakuna kumpigia mtoto simu usiku wala kumtumia meseji za pembeni, taarifa zinaenda kwa mzazi. Kocha mpya tunauliza kanisa alilotoka. Na likitokea jambo haliishii kwenye kikao cha wazee, linaenda ustawi wa jamii na polisi, Sheria ya Mtoto ya 2009 ipo na namba ya simu ya kusaidia watoto ni 116, bure. Kuna watu walituambia tunalitia kanisa aibu kuweka hiyo namba ukutani. Imebaki ukutani.

"Wazazi Waislamu msiwaambie kama kuna neno, watawakataza watoto"

Mtaani kwetu nusu ya watoto wanaokuja ni Waislamu. Mwanzoni wengine walishauri tukae kimya, mtoto ashtukie tu tunasoma Biblia. Hiyo ni kumdanganya jirani. Tunaenda nyumbani, tunasema hii ni huduma ya kanisa, kuna dakika kumi za neno kabla ya mazoezi, mtoto anayetaka kuja baada ya hapo anakaribishwa na atacheza sawa na wenzake. Wapo waliokataa, tukawashukuru. Wengi walikubali, na Ramadhani tunasogeza mazoezi kidogo na kuyapunguza ili wanaofunga wasiumie.

"Ni ya vijana wa kiume tu"

Presha na sukari viko kwa wamama na wazee wetu, afu ndo hao tunaowaacha wamekaa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yani nusu saa siku tano, na kutembea haraka kunahesabika. Wamama wetu walikuwa hawaji kwa sababu hawataki kurukaruka mbele ya wanaume, tukawapa ukumbi Jumanne na Alhamisi, mapazia yanafungwa, wanajisetia wenyewe pambio za kufanyia mazoezi. Nesi mmoja muumini anakuja na kipimo cha presha, mwenye maumivu ya kifua au presha iliyopanda sana anaambiwa aende hospitali kwanza. Mazoezi hayachukui nafasi ya dawa, na hili linasemwa wazi kwa sababu kuna watu wanaacha vidonge wakisema wameponywa.

Hapohapo kuna uongo wa kimazoezi unaotembea. Kujifunga nailoni tumboni ili utoke jasho jingi hakupunguzi mafuta, jasho ni maji na chumvi, ukinywa maji kilo zinarudi, na kwa joto la Dar unaweza kuanguka. Mguu ukiteguka usiukande na maji ya moto siku hiyohiyo, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, funga bandeji, uinue, mwache aliyeumia apumzike. Anayefunga na kuomba huku anatumia dawa za sukari aongee na daktari kabla hajaja kukimbia. Na kujua kama kasi yako ni ya wastani, jaribu kuongea na kuimba: ukiweza kuongea lakini pambio linakushinda uko sawa, ukiliimba lote ongeza mwendo.

"Mafanikio ni idadi ya waliookoka"

Tunafurahi sana mtu akimpokea Yesu, sitaki kuficha hilo, ndo sababu tupo. Lakini ukiipima huduma kwa hesabu hiyo tu kila mwezi, makocha wanaanza kuwasukuma watoto wanyooshe mikono ili ripoti ijae, na mtoto anajua akinyoosha mkono atapewa jezi. Sisi tuna daftari la mahudhurio. Jina ambalo halijaonekana Jumamosi mbili, mmoja wetu anaenda nyumbani kwao kabla ya ya tatu. Mwezi uliopita nilienda kwa binti mmoja nikakuta anauguza mama yake, hana hata wa kumsaidia kuchota maji. Wiki hiyo timu ya netiboli ilihamia kwao, wakagawana zamu za ndoo na kupika, na Jumamosi mazoezi tukafanyia kwenye uchochoro wa nyumba yao, mama akiwa amekalishwa mlangoni anatuangalia.