Ultimeti haina refa, lakini sheria inazo

"Refa hakuna, basi sheria za nini? Tutaelewana tu."

Kauli hii naisikia kila mgeni anapokuja uwanjani kucheza ultimeti, mchezo wa kurushiana kisahani wa timu mbili za watu saba saba. Mambo ni kinyume kabisa. Kwenye soka unaweza kumaliza miaka kumi hujafungua kitabu cha sheria, kwa sababu mwenye filimbi anakijua kwa niaba yako. Kwetu filimbi haipo, kwa hiyo kila mchezaji ni mwamuzi. Kanuni za WFDF, shirikisho la dunia la michezo ya visahani, zinamtaka ajue sheria, aseme kweli, ajieleze kwa ufupi na amwachie mpinzani naye azungumze. Yote hayo yamo kwenye kifungu cha kwanza kabisa, kinachoitwa Roho ya Mchezo. Uungwana wenyewe ni sheria namba moja.

"Muungwana haiti faulo."

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Jumamosi moja nilikuwa nalinda, dada mmoja mgeni akaruka kudaka. Nikaruka naye, kiganja changu kikampiga mkononi kabla kisahani hakijamfikia, kikaanguka. Akanyamaza, akageuka kwenda kulinda. Nikamwambia, "Dada, nimekuchezea faulo. Ita." Akajibu kwamba hakutaka ugomvi.

Lakini faulo ya namna ile huitwa na aliyechezewa; mimi nisingeweza kumwitia. Kwa ukimya wake timu yake ilikuwa inapoteza kisahani ilichostahili. Na sheria inatuagiza sisi wazoefu tumweleze mgeni asiyejua. Ikaitwa, nikakubali, akapewa kisahani palepale.

Si kwamba kila mguso uitwe. Bega likigusa bega na hakuna kilichobadilika, acha mchezo uendelee. Ita kile kilichobadilisha matokeo ya tukio, au kilichomweka mtu hatarini.

"Bila refa, mbishi ndiye anayeshinda."

Baadaye dada yule aliita faulo nyingine dhidi yangu. Safari hii niliamini nilikigusa kisahani kwanza, nikapinga. Akaeleza alivyoona, nikaeleza, hatukuafikiana. Kisahani kikarudi kwa aliyekirusha, mchezo ukaendelea kana kwamba mrusho ule haukuwahi kutokea. Mbishi anaweza kufuta mrusho mmoja wa haki, na hilo linakera kweli, ila hapati kisahani kwa ubishi wake.

"Mashindano makubwa yana marefa."

Ligi ya kulipwa ya Marekani inao. Mashindano ya dunia ya WFDF yana washauri wa mchezo, wanaotoa mtazamo wao tu. Uamuzi unabaki kwa wachezaji.

"Roho ya mchezo haipimwi."

Inapimwa. Mechi ikiisha, kila timu huipa nyingine alama kwenye mambo 5, kila jambo kuanzia 0 hadi 4, na 2 maana yake ni vizuri. Yamo humo kugusana miilini, kutopendelea upande wako, kujizuia hasira na namna ya kuzungumza. Lakini la kwanza kwenye karatasi ile ni kujua sheria na kuzitumia, na hapo ndipo timu ya wapole wasiosoma kitabu huangusha alama.