Kompyuta haichori katuni yenyewe

Juzi kwa kinyozi hapa Ngarenaro, Arusha, chalii mmoja kashika simu anaangalia katuni, akasema siku hizi kazi rahisi, unabonyeza tu kompyuta inachora yenyewe. Hapana jamani, sio hivyo kabisa. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, yaani picha 24 zinazopita moja baada ya nyingine, na kwenye katuni za kuchora kwa mkono mara nyingi mchoro mmoja unakaa fremu 2, kwa hiyo sekunde moja tu inakula michoro 12, piga hesabu ya dakika 10 unapata 7,200. Hata hizi za 3D kuna mtu anasogeza mkono wa mhusika, anapandisha nyusi, kompyuta inajazia mwendo wa katikati ya pozi moja na lingine, na ikiachwa hivyo mwendo unakuwa kama roboti, lazima arekebishe. (Akili bandia nayo imejifunzia kwenye michoro ya watu.)

Mdogo wangu anachora, alimaliza wiki nzima akichora katuni ya mama muuza ndizi anayeinua beseni kuliweka kichwani, sekunde 4 tu, na shida ilikuwa shingo, maana beseni likitua shingo inazama kidogo kwanza ndo inanyooka. Hilo alilipata sokoni Kilombero asubuhi, kasimama anawaangalia wamama.