Kebo ya mizani haijakosa draiva

Jumatatu saa moja asubuhi simu iliita. Karani wa mizani, ghala moja njia ya Nanguruwe: "Shikamoo fundi. Linux imekosa draiva ya kebo, na watu wameshaleta korosho. Njoo nayo kwenye flashi." Kebo hiyo, yenye adapta ya USB, ndiyo inayopeleka uzani kutoka mizani hadi laptopu. Draiva ni programu inayoiwezesha Linux, mfumo wa laptopu hiyo, kuitumia. Karani huyu ni wa tatu kunipigia hivyo tangu msimu ufunguliwe. Wa pili hakunisubiri nifike. Alimpa kijana laptopu usiku, ikafutwa yote, ikawekwa Windows, na kumbukumbu za uzani za wiki mbili zikaenda na maji. Mizani bado haikusoma. Imani hii kwamba draiva haipo haimgharimu karani peke yake. Inamgharimu mama aliyekaa juu ya gunia lake tangu alfajiri akisubiri kupimiwa.

Draiva ipo. Adapta karibu zote zinazoletwa mezani kwangu hapa Mtwara zina chipu za familia nne: CH340, PL2303, FTDI na CP210x. Draiva zake, `ch341`, `pl2303`, `ftdi_sio` na `cp210x`, zilikuja na kerneli, kiini cha Linux, siku ile ulipoweka mfumo. Andika `modinfo ch341` kwenye terminali, dirisha la kuandikia amri, uione kwa macho yako. Hakuna cha kushusha, na zile faili za zip zinazojiita "draiva ya Linux" achana nazo. Wanaosema Windows ingeipokea wakumbuke Oktoba 2014, pale draiva ya FTDI ya Windows ilipoanza kubadilisha namba za utambulisho za chipu bandia zikawa 0000, na adapta za watu zikafa mikononi mwao.

Kinachoniudhi ni neno "imekataa". Ndani yake mna maradhi matatu yasiyo na undugu, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza, kompyuta haijaiona adapta. Fungua terminali, andika `sudo dmesg -w` usome taarifa za kerneli, kisha chomeka. Ukisoma `device descriptor read/64, error -71`, usiitaje draiva tena. Kerneli huchagua draiva kwa namba mbili ambazo kifaa chenyewe huzitaja kikichomekwa: CH340 husema `1a86:7523`, PL2303 husema `067b:2303`. Hiyo -71 maana yake mazungumzo yamekatika kabla namba hazijatajwa. Mgeni amebisha hodi, ameulizwa jina, hajajibu. Utamwita nani wa ndani aje kumpokea? Hapo tatizo ni waya, kichwa cha USB, au umeme wa habu, kile kigawa tundu za USB. Waliopo Shangani na Mikindani, tazameni kutu ya kijani inayoletwa na chumvi. Wa maghalani, vumbi la korosho limeshindiliwa ndani ya tundu. Safisha, badilisha tundu, toa habu, weka kebo fupi.

La pili, imeiona lakini huwezi kuifungua. Ukiambiwa `Permission denied`, jiunge na kundi: `sudo usermod -aG dialout` na jina lako, kisha toka uingie upya. Msinifanyie `chmod 666` kila asubuhi, maana `/dev/ttyUSB0`, jina la adapta ndani ya Linux, huumbwa upya kila unapochomeka na ruhusa yako inapotea.

Hapohapo kuna kisa cha Ubuntu 22.04 ambacho kimewachanganya wengi. `ttyUSB0` inatokea na kupotea papo hapo, na `dmesg` inakwambia `interface 0 claimed by ch341 while 'brltty' sets config #1`. Soma vizuri: `ch341` ilikuwa imeshaikamata. Draiva imefanya kazi yake, halafu programu nyingine ikamnyang'anya. Brltty ni programu ya vifaa vya Braille, na baadhi ya vifaa hivyo vina namba ileile ya `1a86:7523`, basi ikidhani imempata mwenzake inachukua. `sudo apt remove brltty` inamaliza. Lakini muulize kwanza mwenye kompyuta. Kama pana mtu asiyeona anayeitumia, usiiondoe. Zima ile kanuni moja tu ya namba hiyo kwenye faili la brltty ndani ya `/usr/lib/udev/rules.d`. Macho ya mtu hayaondolewi kwa sababu ya mizani.

La tatu, poti, yaani mlango wa data wa adapta, imefunguka ila kinachotoka hakieleweki. Hili ndilo lililokuwa la Jumatatu, na hili ndilo linalowapa watu imani ya draiva mbovu, kwa sababu mara linasoma, mara halisomi.

Nilikaa pembeni ya karani nikaomba tupime mawili. Gunia la kilo 78.5 likatoa alama mbili za ajabu, kisha `.5`. Gunia lililojaa nusu, kilo 36.5, likatoa `36.5` safi kabisa, isipokuwa `kg` iliyokuwa imeharibika. Karani akasema, "Unaona fundi? Inakata." Nikamwambia haikati. Waya unaokata hauchagui tarakimu. Tukapima nane, tukaandika kwenye daftari: 0, 3, 5, 6 na 9 zilifika salama kila mara, 1, 2, 4, 7 na 8 ziliharibika kila mara.

Hesabu yake ni hii. Kila herufi husafiri kama biti, yaani sifuri na moja, na pariti shufwa ni biti ya ziada inayofanya idadi ya moja iwe shufwa. Mizani ilikuwa imewekwa biti saba na pariti shufwa, laptopu inasoma biti nane bila pariti. Tarakimu 3 ina biti nne zenye moja, ni shufwa tayari, kwa hiyo biti ya pariti ni sifuri na haionekani. Tarakimu 7 ina tano, mizani inaongeza moja kutimiza sita, na ile moja ya ziada laptopu inaihesabu kama sehemu ya herufi. Herufi k na g nazo zina tano tano. Nikaandika `picocom -b 9600 -d 7 -y e /dev/ttyUSB0`, na 78.5 ikasimama kwenye kioo. Mafundi wenzangu, ukiona tarakimu hizo tano zinafika na nyingine tano zinaharibika, weka adapta chini, fungua menyu ya mizani.

Kuhusu kupima adapta kwa kuunganisha pini 2 na 3 za kichwa chake: fanyeni, lakini msiapie. Herufi ulizoandika zikirudi, umejua tu kwamba adapta inajisikia yenyewe. Inatuma na kupokea kwa saa yake mwenyewe ya ndani, inayopanga kasi ya biti, hivyo hata saa ikiwa mbovu itafaulu. Hata adapta ya TTL hufaulu, wakati mizani inataka RS-232, aina nyingine ya mawimbi yenye volti tofauti. Chukua mita, pima pini 3 na 5 poti ikiwa imefunguliwa na haitumi kitu. RS-232 inakupa volti hasi, kati ya -3 na -15. Ukipata 3.3 au 5 chanya, umeuziwa kebo nyingine.

Na kuna moja sijalimaliza moyoni. Ghala lilelile mwaka jana, adapta ilikuwa inaanguka kila mashine ya kushonea magunia ilipowashwa, na kerneli iliandika `disabled by hub (EMI?), re-enabling...` EMI ni usumbufu wa umeme, na ile alama ya kuuliza ni ya kerneli, siyo yangu. Ikirudi ilijiita `ttyUSB1`, kwa sababu programu ya mizani bado ilikuwa imeishika `ttyUSB0`, ndiyo maana karani aliona imekufa moja kwa moja. Nilihamisha plagi ya mashine, nikafupisha kebo, nikabadilisha adapta, yote kwa siku moja kwa sababu foleni ilikuwa imefika barabarani. Ikapona. Kati ya hizo tatu ipi ilikuwa dawa, sina ushahidi. Ndiyo sababu nilipoondoka Jumatatu nilimwachia karani kebo ya zamani na kumwomba, siku korosho zikipungua, airudishe peke yake, awashe mashine ya kushonea, na aniandikie saa na dakika kila itakapoanguka.