Kuiandaa Nyumba Kabla ya Kuiuza

Wamiliki wengi wa nyumba katika miji ya pwani, kama Dar es Salaam na Tanga, wanapoamua kuuza humwita kwanza fundi rangi. Kwa jicho la mthamini, huko ni kuanzia mwisho. Rangi hufunika hali ya ukuta bila kuibadilisha, na mnunuzi mzoefu, au fundi aliyefuatana naye, hutazama sehemu ya chini ya ukuta, karibu na sakafu, ambako unyevu hujitokeza mapema.

Nyumba iliyojengwa bila tabaka la kuzuia maji juu ya msingi hunyonya unyevu kutoka ardhini. Maji hayo yakifika kwenye uso wa ukuta hukauka na kuacha chumvi, nayo chumvi inapoganda ndani ya plasta huisukuma hadi ikamomonyoka, hasa pale ambapo mchanga uliotumika ulichotwa baharini. Rangi ya mafuta, inayopendwa kwa kuwa husafishika kwa urahisi, hufungia maji ndani, kisha huvimba malengelenge na kubanduka. Kwa hiyo tafuta chanzo kwanza, kiwe ni bomba linalovuja, paa lisilo na mifereji au udongo wa bustani uliolundikwa ukutani. Kirekebishe, bandua plasta iliyoharibika, piga nyingine, uache ukuta ukauke, ndipo upake rangi. Ni vyema kazi hiyo ingoje masika yaishe, yaani kuanzia Juni, kwa sababu plasta iliyopigwa Aprili huchelewa mno kukauka.

Wapo wanaokwepa kazi yote hiyo kwa kufukiza udi sebuleni mteja anapokaribia kufika. Udi hauna ubaya, ila ukizidi humfanya mgeni ajiulize unaficha harufu gani, na hapo ndipo huanza kufungua kabati za jikoni na kuchungulia chini ya sinki.

Mwanga nao hupuuzwa. Wateja wengi huja baada ya kazi, na Dar es Salaam jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni, hivyo vyumba vya ndani huonekana kwa taa tu. Badilisha balbu zilizoungua, osha nyavu za mbu, ambazo zikijaa vumbi huzuia mwanga na hewa kwa pamoja, na uhakikishe umeme wa LUKU haujaisha, jambo linaloonekana dogo mpaka dalali asimame na mteja gizani. Tanki la maji liwe limejaa, kwa maana mteja atafungua bomba.

Kuhusu samani, ushauri wangu ni kupunguza kuliko kununua. Katika nchi za Magharibi wapo wanaokodi makochi na meza ili kupamba nyumba inayouzwa, lakini sebule zetu nyingi zina tatizo la kinyume: seti nzima ya makochi na kabati kubwa la vyombo huifanya sebule ya kutosha ionekane finyu. Toa nusu ya vitu hivyo, ukaviweke kwa ndugu. Picha za familia, kwa maoni yangu, zinaweza kubaki. Hati, vyeti na vitu vya thamani vifungiwe, kwa sababu utapokea watu usiowajua.

Usitumie fedha nyingi kwa dari mpya ya jipsamu au marumaru za bei kubwa ukitarajia zirudi zote. Gharama na thamani ya soko ni vitu viwili, na mnunuzi hulinganisha nyumba yako na nyingine za mtaa huo huo, wala halipi kwa kufuata risiti zako.

Hati miliki na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi ziwe tayari kabla mteja wa kwanza hajaja. Kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi wako aridhie mauzo, basi mshirikishe tangu siku ya kuamua kuuza, kabla dalali hajapewa kazi.