Nani anampokea zamu anayeuguza nyumbani?

"Pole kwa kuuguza." Ndivyo tunavyomwambia mtu mwenye mgonjwa nyumbani, tukimpa mkono na kuweka mfuko wa machungwa mezani. Lugha yetu ilimwona mtu huyu kabla hospitali hazijamwona. Mgonjwa anaugua, anayekaa naye anauguza, na pole wanapewa wote wawili. Hata mimi ninayelipwa mshahara naitwa muuguzi kwa neno hilohilo. Ila mimi, saa ya kutoka ikifika, kuna mwenzangu anakuja kunipokea zamu.

Nafanya kazi ya tiba shufaa, yaani kuwapunguzia maumivu na mateso wenye magonjwa mazito, Dar es Salaam, na siku nyingi niko majumbani kwa watu. Mwezi mmoja nilikuwa naingia nyumba moja Mbagala kumwona mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi (nimebadilisha mambo kadhaa asijulikane). Bintiye alinipokea na ndala za rangi mbili mguuni. Nikamkagua mama: kiunoni na visiginoni ngozi safi, hakuna kidonda hata kimoja, kinywa kimesafishwa, dawa zimeandikwa daftarini saa kwa saa. Kuna wodi zingeona haya mbele ya daftari lile. Kisha nikamwomba binti asimame tuongee nje. Alishika ukuta kwanza ndipo akainuka.

"Umekula nini leo?"

"Nilimalizia uji wa mama."

Ilikuwa saa tisa alasiri.

"Mgongo umeanza lini?"

"Sista, mimi siumwi. Mgonjwa ni mama."

Nikiwa chuoni tulifundishwa kwamba Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 1948, linasema afya ni kuwa mzima kimwili, kiakili na kijamii, wala si kukosa ugonjwa tu. Tulikariri, tukajibu mtihani, tukasahau. Aliyenirudisha kwenye maneno yale ni Cicely Saunders, Mwingereza aliyeanza kama muuguzi, akawa ofisa ustawi wa hospitali, kisha akasomea udaktari, na mwaka 1967 akafungua St Christopher's kule London kwa ajili ya wagonjwa wasiotarajiwa kupona. Alisema maumivu ya mgonjwa yana pande nne: mwili, nafsi, watu wake, na imani yake. Ukitibu upande mmoja, pande tatu zilizobaki zitaendelea kumliza usiku. Mama yule wa Mbagala alikuwa anazidiwa kila jioni, na tuliwahi kumwongezea dozi kwa sababu hiyo. Kumbe jioni ndipo alipokuwa akimsikia binti yake akilia jikoni.

Kwa hiyo siku hizi naandika mpango wa wawili. Nichukue mofini ya maji, dawa ya maumivu makali, kama mfano. Inanywewa kila baada ya saa nne kwa kufuata saa, bila kungoja maumivu yarudi. Ukihesabu vizuri, dozi moja inaangukia saa nane usiku, na kuna nyumba nimekuta binti anatega simu imwamshe kila usiku kwa wiki kadhaa. Si lazima. Kwa wagonjwa wengi, dozi ya saa nne usiku inaweza kuandikwa mara mbili ya kawaida, ile ya saa nane ikaachwa, na wote wakalala hadi saa kumi na mbili asubuhi. Usijipimie mwenyewe, hasa mgonjwa akiwa na figo dhaifu. Muulize anayekuandikia dawa. Lakini muulize. Usingizi wako ni sehemu ya dawa ile.

Na mgongo. Usimnyanyue mtu mzima kwa kumkumbatia kwapani. Tandika shuka lililokunjwa mara mbili chini yake, kuanzia mabegani hadi mapajani, mshike wawili, mmoja kila upande, mmvute kwa shuka. Kama kitanda kiko chini sana, weka miguu ya kitanda juu ya matofali yasiyocheza, usiendelee kuinama kama anayepalilia. Tulifanya hivyo Mbagala kwa dakika ishirini tu, na binti akanilaumu kwa nini sikusema tangu wiki ya kwanza. Alikuwa na haki.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, hata kwa sisi wenye vyeti. Na nilikuwa nimejisahau mwenyewe vilevile. Miaka ya nyuma, katika wodi ambayo sitaitaja, nilishika usiku mara tano mfululizo. Alfajiri ya tano nilivuta dawa kwenye bomba la sindano, nikaenda nayo hadi kitandani, na mwanafunzi wa uuguzi akaniuliza kwa adabu, "Sista, hiyo si ya kitanda cha nane?" Nilikuwa kitanda cha sita. Hakuna aliyedhurika, na kuna mwanafunzi mmoja ninayemwombea mpaka leo. Lakini dalili zilikuwepo kabla: maswali ya ndugu yalikuwa yananikera, na mgonjwa akifariki nilikuwa nafikiria makaratasi. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu huu wa kazini kwa mambo matatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuidharau, na kazi yenyewe kushuka. Wala halikuuita ugonjwa, liliufunga na mazingira ya kazi. Ndiyo maana nachoka na semina zinazotuambia tunywe maji na tupumue kwa kina, huku ratiba ya zamu ikibaki vilevile.

Dawa ya uchovu wa zamu ni zamu. Kwa hiyo pale Mbagala niliomba ukurasa wa daftari, nikachora safu saba, nikaitisha kikao cha ukoo. Mjomba mmoja akasema wanaume hawajui kuosha mgonjwa. Nikamwambia kuchota maji anajua, na kukaa kwenye kiti anajua. Akaandikwa Jumamosi, saa tatu hadi saa tisa. Binti aliuliza swali ambalo huulizwa kila nyumba: je, mama akifa nikiwa sipo? Sikumdanganya. Nilimwambia inatokea, na nimeona mtu akifariki wakati mwanawe ametoka kuchota maji tu, baada ya miezi ya kukesha.

Jumamosi iliyofuata nilipita. Mjomba alikuwa kitini, redio ya mpira sikioni, kijiko cha maji mkononi. Kifua cha mama kimelowa chote.

"Sista, huyu kaka yangu ananimwagia maji shingoni," mama akasema. "Lakini msimwite yule mtoto. Mwacheni amalize kusukwa."