Ufikivu: makumbusho ya sanaa ambayo kila mtu anaweza kuyaingia

Neno ufikivu limetokana na kufika. Fika, fikia, fikika: kilicho fikivu ni kile ambacho mtu hukifikia kwa uwezo alionao, bila kungoja ahurumiwe. Kwa makumbusho ya sanaa ya mjini, ni ile hali ya mtu yeyote kuweza kutoka kwao, kufika mlangoni, kuingia, kuipata kazi ya sanaa kwa macho, kwa masikio au kwa mikono, kuielewa, kupumzika, kujisaidia na kurudi nyumbani na heshima yake. Na mtu yeyote ni yule anayetumia kiti mwendo, asiyeona, kiziwi, bibi mwenye magoti mabovu, mama aliyembeba mtoto, kijana mwenye usonji, na pia mkaazi wa Ng'ambo, mitaa ya mji wa Zanzibar iliyo nje ya Mji Mkongwe, ambaye miguu yake ni mizima lakini hajawahi kuvuka mlango wa makumbusho kwa sababu anaamini ni mambo ya watalii.

Ufikivu ni kama ule mnyororo unaochongwa kwenye fremu za milango yetu. Pete moja ikikatika, zilizobaki hazina kazi. Makumbusho yanaweza kuwa na mlango mpana na maandishi mazuri ya nukta nundu, yale ambayo wasioona huyasoma kwa vidole, lakini choo chake kikiwa na ngazi mbili, mgeni wa kiti mwendo atajizuia kunywa maji tangu asubuhi na ataondoka baada ya nusu saa. Kwa hivyo kuweka mteremko mlangoni si ufikivu. Ni pete moja tu.

Jambo hili si hisani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unalitaja mara mbili: ibara ya 9 inahusu ufikivu wenyewe, na ibara ya 30 inataja haki ya kushiriki maisha ya utamaduni, makumbusho yakiwemo. Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Zanzibar ilikwisha kutunga sheria yake ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2006. Na mwaka 2022 Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipoandika upya maana ya neno makumbusho, liliingiza ndani yake sharti la kufikika na kumjumuisha kila mtu.

Nyumba zilizojengwa kuzuia watu

Ugumu wetu unaanzia kwenye majengo. Makumbusho ya Zanzibar mengi yamo ndani ya makasri, ngome na nyumba za matajiri wa zamani. Ya Pemba yamo ndani ya ngome ya Chake Chake. Ngome hujengwa watu wasiingie, na kasri hujengwa aingie aliyeitwa. Juu ya hayo, Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na huwezi kuvunja ukuta au kukata mlango kwa matakwa yako. Kila badiliko hupitia kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Hapo ndipo wengi husema haiwezekani, na mazungumzo yanaishia hapo. Inawezekana, ila kwa kuongeza vitu vinavyoweza kuondolewa, si kwa kubomoa.

Chukua mlango. Mlango wa Kizanzibari una mbao mbili na mfaa, ule mti wa katikati unaofunika ufa wa mbao hizo. Kwa kawaida hufunguliwa upande mmoja tu, na uwazi unaobaki haupitishi kiti mwendo, kinachohitaji sm 80 za wazi kabisa, na sm 90 ni bora. Dawa ya kwanza haina gharama: fungua pande zote mbili saa zote za kazi, na uzifunge kwa ndoana zisirudi na upepo. Kisha pima uwazi kutoka mbao hadi mbao, si kutoka fremu hadi fremu. Kosa hilo la kupima hutokea mara nyingi.

Kisha kuna kizingiti. Kiache kama kilivyo. Kimechongwa, na kinazuia maji ya mvua. Kinavukwa kwa mteremko wa mbao wa nje na wa ndani. Kanuni ni moja kwa kumi na mbili: kila sm 1 ya kupanda inataka sm 12 za urefu. Kizingiti cha sm 20 kinataka mteremko wa mita 2.4 kila upande, upana usiopungua sm 90, na uwanda wa mita 1.5 kwa 1.5 pale juu na chini ili mtu ageuke. Kichochoro chenye upana wa mita mbili hakiupokei mteremko huo ukitoka mlangoni moja kwa moja, kwa hivyo ulaze ubavuni mwa ukuta na uuwekee uwanda wa kugeukia mbele ya mlango. Pakikosa nafasi kabisa, tumia mlango wa uani, kwa sharti kwamba wageni wote waupitie huo. Mtu kupitishwa peke yake penye mapipa ya taka si kukaribishwa.

Fundi seremala atauliza unene. Kiti mwendo cha umeme pamoja na aliyekikalia huweza kupita kilo 200, kwa hivyo ubao usipungue inchi moja, na chini yake miti ya kubebea kila sm 40. Pembeni weka ukingo wa sm 10 ili gurudumu lisitoke. Juu paka rangi iliyochanganywa na mchanga, maana ubao mtupu wakati wa masika huteleza kama sabuni. Usitengeneze mteremko wa saruji uliogandishwa kwenye ukuta wa mawe na chokaa: saruji huzuia ukuta kupumua, unyevu hubaki ndani na chokaa huanza kumumunyuka. Reli ya chuma cha kawaida hulika kwa chumvi ya bahari haraka. Chuma kilichochovywa zinki au mbao ngumu hudumu zaidi. Na mteremko unaofungiwa stoo, ufunguo wake ukawa kwa mtu aliyekwenda Bububu, ni sawa na kutokuwepo.

Ghorofa ndilo swali gumu zaidi. Beit al-Ajaib, kasri la zamani la Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, lilikuwa na lifti, lakini lile lilikuwa jengo la nguzo za chuma, na hata hivyo sehemu yake ilianguka Disemba 2020. Nyumba ya kawaida ya Mji Mkongwe imebebwa na boriti za mikoko zenye urefu wa mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vyake ni vyembamba. Usining'inize lifti humo bila mhandisi anayeyajua majengo ya chokaa. Njia iliyo salama ni kuzizungusha kazi za sanaa: zilizo bora zishuke chini kwa zamu, kila miezi kadhaa, badala ya kujaza ghorofa ya chini kwa duka na ofisi. Kumwambia mtu "tutakubeba" si jawabu. Ngazi zetu ni za wima, na akianguka yeye na waliombeba wataumia. Tena moto ukitokea, nani atambeba kushuka?

Ndani: kuona, kugusa, kusikia

Picha nyingi hutundikwa kitovu chake kikiwa sm 150 kutoka sakafuni. Macho ya aliyekaa kwenye kiti mwendo yako kwenye sm 110 hadi 120, na ya mtoto wa skuli yako hapo hapo. Ishushe hadi sm 135 au 140; aliyesimama hatapoteza kitu. Kabati la kioo la kulaza vitu lisizidi sm 90 kwa urefu, na chini yake pawe na sm 70 za magoti. Likiwa refu zaidi, aliyekaa huona ubavu wa ubao na vidole vya wengine.

Asiyeona anatumia fimbo nyeupe, na fimbo husoma sakafu. Kitu kilichochomoza ukutani zaidi ya sm 10, kati ya urefu wa sm 70 na mita 2, fimbo hupita chini yake na kipaji cha uso ndicho kinachokipata: kizima moto, sanduku la maoni, rafu ya vitabu. Weka kitu chini yake kinachogusa sakafu, hata sanduku la mbao, na fimbo itakigundua mapema.

Mwanga una mvutano wa kweli. Kanga, karatasi na rangi za maji hupauka, na wahifadhi huzipa lux 50 tu (lux ni kipimo cha mwanga). Picha za mafuta hustahamili 200. Lakini mtu anayetoka kwenye jua la Forodhani na kuingia chumba cha lux 50 haoni kitu kwa dakika kadhaa, na mzee huchukua muda mrefu zaidi. Basi usiongeze mwanga kwenye kanga. Weka ukumbi wa kati wenye mwanga wa wastani na baraza la kukalia, macho yazoee, kisha maandishi yapate taa yake ndogo peke yake. Angalia pia mng'aro: dirisha likitazamana na picha yenye kioo, kinachoonekana ni dirisha. Kwa watu wenye ualbino, ambao wengi wana uoni hafifu na macho yao huumizwa na mwanga mkali, pazia jepesi la dirisha hilo lina faida kuliko kifaa chochote cha kununua.

Maandishi ya ukutani yawe ya Kiswahili kwanza, herufi zisizo na mikia, ukubwa wa 24 kwenda juu, nyeusi juu ya nyeupe isiyong'aa. Maneno 60 kwa kazi moja yanatosha. Na yasiwe Kiswahili cha ripoti; msomaji akisimama kutafuta maana ya neno, ameshaiacha picha.

Maelezo ya sauti kwa wasioona ni fani, na hapa ndipo makumbusho mengi hukosea. Kusema "huu ni mchoro mzuri wa ngalawa" hakumpi msikilizaji kitu. Anza na ukubwa, kwa vipimo vya mwili: dhiraa, shubiri. Kisha imetengenezwa kwa nini, kisha umbo zima, kisha utembee kutoka upande mmoja hadi mwengine bila kurukaruka. Kwa mfano: "Turubai la mafuta, upana dhiraa mbili, kimo dhiraa moja. Theluthi ya chini ni bahari ya kijani. Rangi imepakwa kwa kisu, imesimama kama chokaa mbichi. Kushoto, ngalawa mbili zimelala mchangani, matanga yamekunjwa. Kulia hakuna kitu ila mtu mmoja, mdogo kuliko kucha, ametupa mgongo." Maana ya mtu huyo mwachie msikilizaji. Dakika mbili au tatu kwa kazi moja, kazi nane kwa matembezi ya saa moja. Zaidi ya hapo ni kuchosha.

Kugusa kunatupendelea sisi kuliko miji mingi, kwa sababu sanaa yetu kuu ni ya kuchonga. Mchonga milango anaweza kutengeneza vibao vya sm 30 kwa 30, kila kimoja na nakshi moja: mnyororo, samaki, yungiyungi, mtende. Viweke juu ya meza ya sm 75 hadi 85. Mgeni anawe mikono na avue pete. Kwa picha bapa, tengeneza nakala ya mistari iliyoinuka, lakini punguza. Kosa la kawaida ni kunakili kila kitu, na vidole vikakutana na msitu usio na njia. Maandishi ya nukta nundu yalazwe kwenye meza iliyoinama kidogo. Yakibandikwa ukutani wima, kifundo cha mkono hupinda vibaya na msomaji huacha. Nukta za karatasi husagika kwa vidole na unyevu, kwa hivyo tumia plastiki.

Kwa viziwi, mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania asimame pembeni ya kazi, uso wake ukiwa kwenye mwanga, asiligeuzie dirisha mgongo. Muongozaji aseme, anyamaze, halafu watu watazame. Kiziwi hawezi kumwangalia mkalimani na picha kwa wakati mmoja, na muongozaji anayesema mfululizo amemnyang'anya picha.

Makaribisho

Mlango ukiwa wazi mtu bado anaweza kuona haukumfungukia yeye. Watoto wetu alasiri wako chuoni, yaani madrasa, kwa hivyo darasa la sanaa la saa tisa siku za kazi haliwapati. Jumamosi asubuhi linawapata. Ijumaa panga saa kwa kuifikiria sala, na utangaze. Choo kiwe na maji karibu na mkono wa aliyekaa, na mlango unaofunguka nje: ukifunguka ndani, mtu akianguka anauziba kwa mwili wake. Msindikizaji wa mtu mwenye ulemavu asilipe. Mialiko ipite kwa masheha, wale viongozi wa mitaa, na kwa walimu wa skuli. Muhimu kuliko yote ni mlinzi wa mlangoni: amkie, amsemeshe mgeni mwenyewe na si aliyefuatana naye, asisukume kiti bila ya kuombwa, na asiyeona ampe kiwiko badala ya kumvuta mkono.

Habari za njia zitolewe kabla, kwa sauti ya simu na kwa maandishi: gari inaishia wapi, kutoka hapo ni mita ngapi, mawe yakoje, vizingiti vingapi na vya sm ngapi, choo kiko wapi. Makumbusho yenye kasoro zilizosemwa wazi yana faida kuliko yenye sifa zisizopimika.

Kazi hii inaanza kwa ukaguzi, si kwa ununuzi. Ombeni Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, jumuiya ya wasioona na Chama cha Viziwi wawaletee wakaguzi, na muwalipe, maana ni utaalamu. Watembee kutoka barabarani hadi chooni wakati makumbusho yamejaa watu, na mara ya pili siku ya mvua. Mmoja ashike futi, mmoja aandike. Yanayorekebishika kwa siku moja yafanywe wiki hiyo hiyo: kufungua mbao zote mbili za mlango, kushusha picha, kuhamisha kizima moto, kuweka kengele kwenye kimo cha mita moja. Yanayobaki yapewe tarehe na jina la mwenye dhamana, na ukaguzi urudiwe kila maonyesho yanapobadilishwa, kwa sababu kabati moja likihamishwa usiku huweza kuifunga njia iliyokuwa wazi mchana.